Kutandika reli ndogo kwa mkono: jibu kwa kijana wa Tanga

Swali: Shikamoo fundi. Babu yangu alikuwa nyapara wa genge la reli kwenye njia ya Tanga kwenda Moshi. Nataka kutengeneza stesheni ndogo ya zamani kwa kipimo cha 1:120, kwenye ubao wa mita moja na nusu. Nimenunua reli za dukani za milimita 9, lakini nikizitazama nahisi si reli za kwetu. Je, kasoro ni huo upana? Naweza kutandika yangu kwa mkono? Na nianze na nini?

Marahaba, mwanangu. Macho yako hayajakudanganya, ila yamekuonyesha mkosaji asiye sahihi. Tuanze na hesabu, kwa sababu ukiielewa hesabu hii kazi yote itakunyookea.

Njia ya babu yako, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911, ni ya geji ya mita: milimita 1,000 kati ya reli na reli. Gawanya kwa 120 unapata milimita 8.33. Reli ulizonunua zina milimita 9, yaani katika ukubwa halisi ni milimita 1,080. Umezidi kwa sentimita 8. Mtu akiitazama stesheni yako hatauona upana huo, na mimi nakushauri usiuguse. Ukitaka 8.33 kamili itabidi ubadilishe kila ekseli ya kila behewa na kila kichwa cha treni, maana magurudumu na mota ndogo zinazopatikana kwa urahisi ni za milimita 9. Baki na 9.

Kinachokusumbua ni vitu vingine viwili. Reli hizo za dukani zilitengenezwa kwa kipimo cha 1:160, na 9 mara 160 ni 1,440. Hiyo ni karibu sawa na milimita 1,435, geji ya SGR, ile reli ya kisasa yenye njia pana. Kwa hiyo mataruma yake, vile vipande vinavyolala chini kukingama reli, yamebanana kama ya SGR iliyopunguzwa: kutoka taruma moja hadi jingine ni kama milimita 3.75, ambayo kwa kipimo chako ni sentimita 45 tu. Genge la babu yako lisingepanga mataruma hivyo. Kwenye geji ya mita, sentimita 70 na kitu ndiyo hali ya kawaida, yaani milimita 6 kwenye ubao wako. Kama nyumbani kuna picha ya zamani inayoonyesha njia, hesabu mataruma kati ya maungio mawili ya reli na utumie idadi hiyo hiyo. Mimi huiamini picha ya familia kuliko jedwali lolote.

Jambo la pili ni kimo cha reli. Wauzaji huandika kimo kwa namba iitwayo kodi, na namba hiyo ni elfu za inchi. Kodi 80 ni milimita 2.03. Zidisha kwa 120: milimita 244! Hakuna reli ya kimo hicho popote Afrika Mashariki. Kodi 55 inakupa 168, karibu kabisa na reli nzito ya kisasa ya kilo 60 kwa mita, yenye milimita 172. Kodi 40 inakupa 122. Sasa linganisha: reli ya ratili 80 kwa yadi, iliyotumika kwenye njia kuu ya Mombasa hadi Nairobi baada ya zile nyepesi za mwanzo za ratili 50, ina kimo cha takriban sentimita 13. Kwa hiyo kodi 40 ndiyo yako. Reli nyembamba, mataruma yenye nafasi: hapo ndipo sura ya geji ya mita inapotokea, na ndiyo sababu inabidi uitandike mwenyewe.

Hivyo basi, ndiyo, utaitandika kwa mkono. Reli yenyewe utaagiza nje, vipande vilivyonyooka vya kodi 40 vya nikeli-silva, aloi ya shaba, nikeli na zinki isiyo na fedha ndani yake licha ya jina lake. Usikubali kuuziwa ya chuma. Tanga ni pwani, na hewa yenye chumvi itaila kabla hujamaliza stesheni. Vingine vyote utavipata mjini kwako.

Mataruma utayakata kutoka kwenye bodi ya saketi, ile yenye ngozi ya shaba upande mmoja ambayo mafundi redio huinunua ikiwa bado tupu. Ziko aina mbili. Ile ya kahawia ni rahisi na hukatika vizuri, lakini moto ukizidi kidogo shaba inabanduka na taruma limekufa. Chukua ile ya nyuzi za kioo, yenye rangi ya kijani kibichi hafifu au njano. Hiyo inavumilia moto. Sharti lake ni vumbi: vumbi la kioo halifai kuingia mapafuni. Ikate ikiwa imelowa maji, vaa barakoa, na usiikatie mezani mnapolia chakula.

Kata vipande vya upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 16. Huo ni urefu wa mita 1.92 katika ukubwa halisi, unaoingia vizuri kwenye geji ya mita. Bodi ya unene wa milimita 0.8 ni bora. Ya 1.6 nayo inafaa kwa sababu kokoto zitaificha. Muhimu ni kutochanganya unene katika njia moja.

Katika jambo hili sisi tuna bahati. Sehemu kubwa ya reli za geji ya mita huku kwetu zililazwa juu ya mataruma ya chuma, kwa kuwa mchwa walikuwa wanamaliza ya mbao. Taruma la chuma ni kama mfereji uliogeuzwa juu chini, ncha zake zimepinda kuingia kwenye kokoto. Halina mistari ya mbao ya kuigiza. Piga tupa ncha mbili za kila kipande zilale kidogo, paka rangi ya kutu iliyochanganywa na kijivu, na umeshapata taruma la chuma. Wenzetu Ulaya hutumia saa nyingi kuchora mistari ya mbao kwa sindano.

Kabla ya kulehemu chochote, kata shaba katikati ya kila taruma. Mkwaruzo mmoja wa tupa ya pembetatu unatosha, uende mpaka uone kioo chini. Reli mbili zinabeba umeme, moja chanya na moja hasi, na taruma lisilokatwa linaziunganisha. Pima kila kipande kwa multimita kabla hujakitumia. Najua inachosha. Lakini kipande kimoja kibovu kati ya mia mbili, kikishafunikwa kwa kokoto na rangi, kitakutafutisha siku nzima.

Sasa mchoro. Kuna programu ya bure iitwayo Templot, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchora njia za reli za modeli. Unaiambia geji yako, kipimo chako na nafasi ya mataruma, nayo inakupa mchoro wa ukubwa kamili wa kuchapisha. Ukitoka kuchapisha, weka rula juu ya karatasi: mstari wa milimita 100 uwe milimita 100. Mashine za steshenari zina tabia ya kupunguza ukurasa ili utoshee, na upungufu wa asilimia tatu unatosha kuharibu pointi nzima, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Bandika mchoro juu ya kipande cha kioo cha dirisha au ubao uliopigwa randa, kisha bandika mataruma juu ya mchoro kwa gundi hafifu, shaba ikitazama juu.

Kuhusu vipimo vya kushikia geji, nenda kwa fundi wa mashine ya kukereza. Mpe mchoro wa vipande vitatu vya shaba au alumini, vyenye mifereji miwili ambamo vichwa vya reli vinakaa bila kucheza, na umbali kati ya nyuso za ndani za reli uwe milimita 9.0. Kimoja kati ya vitatu mwambie akifanye 9.2, hicho ni cha kwenye kona. Babu yako alikuwa na fimbo ya chuma ya kazi hiyo hiyo, na genge halikufunga taruma bila kuipitisha. Sheria ya kuifuata ni hii: njia ikipanuka kidogo gurudumu litasamehe, lakini ikibana hata sehemu ya kumi ya milimita gurudumu litapanda juu ya reli. Ukiwa na shaka, panua.

Kulehemu: chuma cha kulehemia cha wati 30 chenye ncha nyembamba, waya mwembamba wa risasi ya kulehemia, na flaksi ya majimaji, ile dawa inayosaidia risasi kushika. Safisha shaba kwa msasa laini. Paka flaksi, kisha weka risasi kidogo juu ya taruma kwanza, kiasi cha kung'aa tu. Weka reli juu yake, ishike na vipimo vya geji, gusa kwa chuma upande wa nje wa reli, hesabu moja mbili, ondoa. Nasema upande wa nje kwa sababu kodi 40 ina kimo cha milimita moja tu, na ukingo wa gurudumu unapita upande wa ndani. Tone la risasi likikaa ndani, gurudumu lenye ukingo mrefu litaligonga kila linapopita, utasikia tik, tik, tik.

Hapa nikueleze kosa langu ili usilirudie. Njia yangu ya kwanza niliilehemu taruma baada ya taruma, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeshona. Ilikuwa nzuri moto ukiwepo. Asubuhi yake nikakuta imepinda mithili ya upinde. Moto huirefusha reli, nami nilikuwa naifunga ikiwa imerefuka, kipande kwa kipande. Ilipopoa ikajivuta. Niliibandua yote. Tangu siku hiyo nalehemu taruma la kwanza, la mwisho, la katikati, kisha narudi kwenye mapengo nikirukaruka, na kila mahali naacha papoe ndipo nirudi karibu yake. Kwa sababu hiyo hiyo acha pengo dogo kwenye maungio, unene wa karatasi mbili tatu. Reli ya mita moja ikipata joto la nyuzi 15 zaidi hurefuka kama robo milimita, na chumba kilichofungwa madirisha mchana wa Februari huko kwenu kinaweza kupata zaidi ya hapo.

Kazi ya jioni ikiisha, osha flaksi kwa maji ya uvuguvugu na mswaki. Usiache hadi kesho. Unyevu wa pwani na mabaki ya flaksi vikikutana, utakuta unga wa kijani kwenye kila kiungio.

Sasa uliuliza uanze na nini. Watu wengi watakuambia uanze na njia iliyonyooka. Nami nasema tandika sentimita 20 zilizonyooka, za kuzoesha mkono tu, kisha ingia moja kwa moja kwenye pointi. Stesheni ndogo ni pointi zake. Ukishatengeneza pointi moja inayopitisha behewa bila kutikisika, njia iliyonyooka ni kazi ya kusikilizia redio. Usipoiweza, ni heri ujue mapema, kabla ya kuagiza reli za kujaza ubao mzima.

Chagua pointi ya 1 kwa 6, yaani njia mbili zinaachana kizio kimoja kwa kila vizio sita vya mwendo, pembe ya kama nyuzi 9 na nusu. Zile halisi zina pembe nyembamba zaidi, lakini ubao wako ni mita moja na nusu, na pointi ndefu itakula stesheni yote.

Watu hukosea kwa kuanza na reli mbili za nje halafu kujaribu kupachika vilivyobaki katikati. Pointi huzaliwa kwenye V, ile ncha ambapo reli ya njia hii na reli ya njia ile zinakutana. Chukua vipande viwili, vibane kwenye jiliwa, na uvipige tupa mpaka vikiwekwa pamoja vifanye pembe ile ile ya mchoro. Chonga mfereji wa pembe hiyo kwenye kipande cha mbao ili uvishike wakati wa kuvilehemu pamoja. Ncha isiwe kali kama wembe. Ipunguze kidogo, iwe butu kiasi cha unene wa kadi ya simu, vinginevyo itapinda kwa gurudumu la kwanza.

Kisha fuata mpangilio huu, wala usiubadili. Lehemu reli ya nje iliyonyooka. Kwa kipimo cha geji, iweke V mahali pake ukipima kutoka kwenye reli hiyo. Kutoka kwenye V, pima na uweke reli ya nje iliyopinda. Sasa V imefungwa kwa pande zote mbili kwa vipimo, siyo kwa macho. Ndipo uweke zile reli mbili za ndani zinazotoka kwenye ndimi, yaani ncha za reli zinazosogea kubadili njia, na kukunjwa kidogo mbele ya V. Kati yake na V acha njia ya kupita ukingo wa gurudumu, chini kidogo ya milimita moja. Tafuta bati la unene huo ulitumie kama kipimo, na ulihakikishe kwa magurudumu yako mwenyewe kabla ya kulehemu.

Baada ya hapo ziko reli mbili fupi za ulinzi, zinazokaa kando ya reli za nje mkabala na V. Wanaoanza huziona kama pambo. Fikiria ekseli: magurudumu mawili yamefungwa pamoja, umbali wao haubadiliki. Gurudumu la kushoto linapoifikia V, hakuna kitu upande wake kinacholizuia kwenda kwenye njia isiyo yake, kwa sababu pale reli imekatika. Anayelizuia ni mwenzake wa kulia: mgongo wake unavutwa na reli ya ulinzi, na ekseli nzima inasogea na kuikwepa ncha ya V. Kwa hiyo umbali unaopaswa kuupima ni kutoka uso wa reli ya ulinzi hadi ncha ya V. Umbali huo ukiwa mfupi mno, behewa litagonga ncha kila mara, hata kama geji yako haina dosari. Nimeletewa pointi nyingi na watu waliokuwa karibu kukata tamaa, na mara nyingi dawa ilikuwa kuisogeza reli hiyo moja kwa unywele.

Ndimi ndizo zinazohitaji subira zaidi. Piga tupa upande mmoja mpaka kichwa cha reli kiishe taratibu kwa urefu wa kama sentimita tatu, na uondoe kitako cha reli upande unaogusana na reli ya nje, ili ulimi ukae bapa kabisa. Pitisha ukucha kutoka reli ya nje kuja kwenye ulimi. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Ndimi mbili zinaunganishwa na taruma moja linaloteleza, nalo likatwe shaba katikati kama mengine. Kiungio hapo ndicho huchoka mapema, kwa sababu kinapindishwa kila unapobadili njia. Usikilehemu kikavu. Toboa tundu, pitisha waya mwembamba wa shaba uliokunjwa, ulehemu waya kwenye ulimi na uuache uzunguke ndani ya taruma.

V yenyewe lazima itengwe kwa umeme na reli zote, kisha ipate waya wake kupitia swichi inayobadilika pamoja na ndimi, kwa sababu treni ikienda kushoto V ni chanya na ikienda kulia ni hasi. Bila hivyo kichwa chako cha treni kitazimika juu yake.

Kona zako usizishushe chini ya nusu kipenyo cha sentimita 30. Na kama siku moja utatamani Garratt ya daraja la 59 la East African Railways, kichwa cha treni cha mvuke cha mita 31.7, kumbuka kwamba kwa kipimo chako ni sentimita 26 za chuma zinazotaka kupinda. Hiyo itaomba kona pana zaidi, na njia ndefu zaidi ya kuisimamishia.

Ubao nao uuangalie. Plaiwudi ya Tanga hunywa unyevu na kujikunja. Paka vanishi pande zote mbili na kingo zote, siyo juu tu, kabla taruma la kwanza halijakaa.

Kokoto usizitafute mbali, ila usiziamini haraka. Kokoto halisi ya sentimita tatu hadi sita inakuwa robo hadi nusu milimita, kwa hiyo unachohitaji ni mchanga. Uchuje kwa kitambaa cha soksi ya kike. Kama ni wa baharini, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara tano au sita chumvi yote itoke, uanike, kisha uupitishie sumaku uliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni. Utashangaa weusi utakaonasa. Chembe hizo ni za chuma, na zikibaki zitarukia sumaku ya mota na kuiua. Mwaga mchanga kwa kijiko, usambaze kwa brashi, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, moja kwa nne. Karibu na ndimi weka mchanga kwa kibano, chembe chache, na usipeleke gundi kabisa.

Lakini kabla ya mchanga, fanya kazi ya mkaguzi. Chukua behewa jepesi kuliko yote uliyo nayo, lisilo na mota, na ulisukume kwa kidole kupita pointi: mbele, nyuma, njia iliyonyooka, njia iliyopinda, polepole kisha kwa kasi. Kurudi nyuma ndiko kunakofichua mengi. Fumba macho usikie kwa kidole. Kila mahali linaposita, weka alama ya penseli kwenye taruma, rudisha kipimo cha geji hapo, rekebisha, usukume tena. Behewa likishapita mara ishirini kila upande bila kusita, hapo mwaga mchanga.